Kung'oa sakafu ya zamani na kumwaga jamvi jipya kwenye nyumba ya mawe na udongo (Ngamiani, Tanga)

NgamianiKwetu

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri kwa wanaojua ujenzi wa nyumba za zamani, maana mafundi wawili wamenipa majibu mawili yasiyopatana.

Nyumba ni ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Kuta ni mawe ya matumbawe na udongo, lipu ya chokaa, ila sehemu ya chini imepigwa lipu ya saruji. Paa ni mabati, hakuna ghorofa. Kila chumba ni mita 3 kwa 3.2, korido ni 1.5 kwa 9.4. Kuta zina kimo cha mita 2.7, milango 2.05.

Sakafu imepasuka kila mahali, chumba cha mbele kulia imedidimia kama sentimita 4, na mchwa wanatokea kwenye nyufa. Barabara imepandishwa kifusi mara kwa mara, sasa iko sentimita 10 juu ya sakafu yetu, kwa hiyo masika maji yanaingia ndani. Uani uko chini ya sakafu kwa sentimita 5.

Fundi wa kwanza anasema tuvunje yote, tuchimbe futi moja, tumwage jamvi (sakafu nzima ya mawe na zege) kwenye usawa uleule wa zamani. Wa pili anasema tusivunje kitu, tumwage zege la inchi tatu juu ya sakafu iliyopo. Lipi ni sahihi, na vifaa niandae kiasi gani?

---

FundiMsingi

Mkuu, yote mawili yana hatari, na ya kwanza inaweza kukuangushia ukuta.

Kwanza hili la kumwaga juu ya sakafu iliyopo. Sakafu imedidimia kwa sababu kifusi cha chini yake hakikushindiliwa, au maji yamekihamisha, au mchwa wamekula vipande vya miti vilivyofukiwa humo. Ukiweka zege juu, unaongeza uzito juu ya kitu kile kile kinachoendelea kushuka. Baada ya misimu miwili ya mvua utaona nyufa za kwanza zinatokea palepale palipokuwa na nyufa za zamani.

Sasa la kuchimba futi moja. Nyumba nyingi za mawe na udongo hazina msingi wa zege. Mtaro ulichimbwa, mawe yakapangwa na udongo, ukuta ukaendelea kupanda. Ukichimba ndani hadi karibu na kitako cha ukuta, udongo uliokuwa unaushikilia kwa pembeni unaondoka, na mvua moja tu inatosha kuyafanya mawe ya chini yafunguke.

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja, chimba mashimo ya majaribio ndani ya nyumba, yagusane na ukuta, upana wa nusu mita. Moja kwenye ukuta wa nje, jingine kwenye ukuta wa kati unaotenganisha vyumba. Pima kutoka juu ya sakafu hadi jiwe la mwisho. Angalia pia unene wa sakafu yenyewe na kilichopo chini yake. Ulete majibu hapa.

---

NgamianiKwetu

Nimechimba, mkuu. Ukuta wa nje: jiwe la mwisho liko sentimita 40 chini ya sakafu. Sakafu ina unene wa sentimita 5, chini yake ni udongo mwekundu na vipande vya matofali. Ukuta wa kati wa vyumba vya kushoto nyuma hauna msingi kabisa, umekaa juu ya sakafu. Ile mingine ya kati inashuka kama ule wa nje.

---

FundiMsingi

Vizuri, sasa tuna hesabu ya kufanyia kazi. Jamvi linalofaa hapo, kuanzia chini: mawe yaliyoshindiliwa sentimita 15, mchanga wa kusawazisha 5, nailoni (karatasi ya plastiki ya kuzuia unyevu), zege 10, kisha vigae na gundi yake 2. Jumla 32.

Ukitaka kubaki kwenye usawa wa zamani utachimba 32, na msingi wako ni 40. Unabaki na sentimita 8 za udongo zinazoshika ukuta. Hapana.

Ukiinua sakafu mpya kwa sentimita 20, unachimba 12 tu: tano za sakafu yenyewe na saba za udongo. Unabaki na 28 chini ya mchimbo, na sakafu inakuwa sentimita 10 juu ya barabara. Natamani ingekuwa 15, lakini hizo tano zilizobaki zitafute kwa kizingiti mlangoni na kwa kushusha udongo wa eneo lako kati ya baraza na barabara.

Gharama ya kuinua ni milango. 2.05 kutoa 0.20 ni 1.85, mtu mrefu atagonga kichwa. Itabidi linta (boriti za juu ya milango) zipandishwe, na kazi hiyo ifanyike kabla ya sakafu, uwazi mmoja baada ya mwingine: weka mirunda ya kushikilia ukuta wa juu, toa linta ya zamani, weka mpya inayokaa juu ya ukuta angalau sentimita 20 kila upande. Usifungue milango miwili ya ukuta mmoja kwa pamoja. Madirisha nayo yatakuwa chini kwa kimo hicho hicho, pima kama unaridhika.

Ule ukuta usio na msingi: kama umebeba mbao za paa, usiuguse wala usivunje sakafu chini yake. Acha ukanda wa sakafu ya zamani wa sentimita 30 kila upande, uzungushie jamvi. Kama haubebi kitu, ni nafuu kuuvunja na kuujenga upya kwa tofali za inchi 5 juu ya jamvi lililonenepeshwa mahali hapo: upana 40, kina 25, nondo mbili za milimita 12 chini.

Kuvunja sakafu tumia nyundo, tindo na mtaimbo. Mashine ya kuvunjia zege inatikisa ukuta wa udongo mpaka lipu inadondoka na mawe yanalegea. Kwa sababu hiyo hiyo kompakta (mashine ya kushindilia) isikaribie ukuta chini ya nusu mita, hapo shindilia kwa mkono kwa tabaka za sentimita 10. Vyumba visivunjwe vyote kwa mara moja. Anza na cha mbele kulia na cha nyuma kushoto, mwaga, ndipo uende kwenye vingine.

Na kuna tabia moja ya mafundi wetu ambayo kwenye nyumba hii uikatae kabisa: kumwagia kifusi maji mengi usiku kucha ili "kishuke chenyewe". Kwenye msingi wa zege inaweza kuvumilika. Kwenye mawe yaliyounganishwa kwa udongo, maji yale yanalainisha udongo wa msingi, na ukuta unakaa upya kwa namna yake. Nyunyiza kiasi cha kuufanya udongo ushikane mkononi bila kuchuruzika, basi.

---

MaweNaChokaa

Naungana na FundiMsingi kwenye vipimo, ila nailoni inahitaji maneno zaidi kabla hujaitandika.

Sakafu ya zamani inapumua. Unyevu wa ardhini unatoka polepole kupitia sakafu na nyufa zake. Ukiweka nailoni na zege chumba kizima, unyevu ule hauna pa kutokea isipokuwa kwenye kuta, kwa sababu kuta hizi hazina tabaka la kuzuia maji chini. Watu wanamwaga jamvi safi, halafu mwaka unaofuata lipu inaanza kububujika hadi usawa wa kiuno, inatoa unga mweupe wa chumvi, na lawama zinamwendea fundi wa rangi. Jumba la mawe na chokaa la Mji Mkongwe Unguja au Mombasa linapata ugonjwa huo huo, tena huko unatakiwa kuomba kibali cha mamlaka ya hifadhi kabla hujagusa kitu.

Sisemi uache nailoni. Kwa mchwa, chumvi na vigae unavyotaka kuweka, itandike. Ila kazi ya nje iende sambamba na ya ndani:

Lipu ya saruji iliyopigwa chini ya ukuta kwa nje, ibandue. Inazuia ukuta kukauka na kuyasukuma maji juu zaidi. Rudishia chokaa na mchanga, 1 kwa 3, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, na uilinde na jua kali kwa kuinyunyizia maji siku za mwanzo.

Uani na pembeni mwa nyumba, chimba mtaro mdogo wa upana wa sentimita 30 ukizunguka ukuta, kina 20 tu (usivuke hapo, msingi wako ni mfupi), ujaze kokoto kubwa, na uupe mteremko wa kupeleka maji mbali. Usipige sakafu ya saruji iliyogusana na ukuta kwa nje. Maji ya mabati yapokee kwa gata. Paa lisilo na gata linamwaga maji yake yote kwenye kitako cha ukuta, na hapo jamvi la aina yoyote halikusaidii.

Kabla ya yote, hakikisha unyevu unatoka ardhini na sio bomba linalovuja. Funga valvu zote jioni, soma mita, isome tena asubuhi.

---

FundiMsingi

Nakubaliana nawe ndugu, hasa kwenye gata. Naongeza moja: nailoni ipande ukutani hadi juu ya usawa wa zege, ikatwe baada ya zege kukauka. Kati ya zege na ukuta weka mkanda wa povu gumu la milimita 10, lile jeupe linalofungashiwa friji. Jamvi lisishikamane na ukuta, kila kimoja kicheze peke yake.

---

Mpima_Vifaa

Tufanye hesabu. Vyumba 6 × 3 × 3.2 ni mita za mraba 57.6, korido 14.1, jumla kama 72.

Mawe: 72 × 0.15 ni mita za ujazo 10.8 yakiwa yameshindiliwa. Agiza 14, maana yanapungua. Vipande vya sakafu ya zamani unaweza kuvitumia kama ni vigumu na havizidi ukubwa wa ngumi. Udongo, vipande vya lipu na mbao, toa nje vyote. Ubao mmoja uliofukiwa ni mwaliko kwa mchwa.

Mchanga wa kusawazisha: 3.6, agiza 4.5. Kazi yake ni kuficha ncha za mawe zisitoboe nailoni.

Nailoni: geji 1000, ambayo ni maikroni 250. Ukijumlisha mapishano ya sentimita 30 na sehemu ya kupanda ukutani, nunua mita za mraba 110. Ile nyembamba ya kufunikia mizigo inatobolewa na kiatu cha kibarua wa kwanza.

Zege: 7.2, na nyongeza ya asilimia 10 inakuwa 8. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko 50 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita 3.6, kokoto za robo tatu inchi mita 7.2. Chumba kimoja kinakula mifuko 6, korido 9, na inayobaki ni ya upotevu. Kuna watakaokuambia 1:1.5:3, ambayo inapandisha saruji hadi mifuko 64. Kwa nyumba ya kuishi isiyoingiza gari, hiyo mifuko 14 ya ziada naona ni afadhali iende kwenye nailoni nzuri na gata. Saruji chukua ya daraja la nguvu 42.5.

Kipimo cha site kisiwe koleo. Mfuko mmoja una ujazo wa kama lita 35, kwa hiyo kwa ndoo za lita 20: mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, ndoo zikiwa zimekatwa kwa ubao, si za kilima. Maji lita 25 hadi 28 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umenyeshewa unapunguza. Vibarua watataka uji ili rula ipite kwa urahisi. Maji yakizidi, yanapanda juu na kuondoka, yanaacha uso wa unga unaofutika kwa ufagio.

Mchanga upime hivi: jaza nusu ya chupa ya maji isiyo na rangi, ongeza maji karibu ijae, tikisa, iache kwenye meza masaa matatu. Matope yatakaa juu ya mchanga kama mstari wa rangi tofauti. Mstari huo ukizidi sehemu moja kati ya kumi na mbili za mchanga, rudisha. Mchanga wa pwani usichukue hata ukipewa bure, na maji ya kisima yenye chumvi yasiguse zege lenye wavu wa chuma.

Wavu wa BRC (wavu wa chuma wa kuimarisha zege): A142, waya wa milimita 6, matundu ya sentimita 20. Kwa vipande vya 2.4 kwa 4.8 unahitaji 8. Kwa kila chumba, kata mita 3.1 kutoka kipande kimoja. Kinachobaki ni 1.7 kwa 2.4, kikate vipande vitatu vya upana wa 0.8, na viwili kati yake vikiungwa kwa mpishano wa 30 vinaziba ukanda uliobaki. Korido inachukua vipande viwili. Kipande kamili cha A142 kina kilo 25 na nusu hivi. Kikiwa na 20, umeuziwa waya mwembamba.

Kokoto na mchanga agiza kwa mita za ujazo, usiagize kwa "tripu". Pima bodi ya gari kwa futi kamba kabla halijamwaga.

---

FundiMsingi

Hesabu safi. Kuhusu huo wavu, mahali pake ni theluthi ya juu ya zege, sentimita 3 hadi 4 kutoka usoni, kwa sababu kazi yake ni kubana nyufa za kusinyaa. Pangilia biskuti za zege (vipande vya kuuinua wavu) zenye kimo cha sentimita 6, moja kila nusu mita. Ule mtindo wa kuulaza juu ya nailoni halafu "tutaunyanyua kwa ndoano wakati wa kumwaga" unaishia wavu kulala chini, umekanyagwa, na nailoni imetobolewa.

Usawa: kabla hujavunja, tumia mpira wa maji (bomba la kuonea usawa) kuweka alama mita moja juu ya sakafu mpya itakapoishia, kwenye kila kona ya kila chumba na pande zote mbili za kila mlango. Alama hizo ndizo zitakazokuokoa vyumba visipishane.

Korido usiimwage kama mkate mmoja wa mita 9. Itapasuka yenyewe inapotaka. Igawe kwa mbao au ikate kila mita 2 hivi, kina sentimita 2.5, kabla ya siku kuisha, na mikato iangukie kwenye mistari ya milango. Vyumba vina ukubwa mdogo, havihitaji mkato ila kwenye vizingiti.

---

DawaNaMchwa

Naingia kwa la mchwa tu. Dawa inapigwa juu ya udongo wa chini kabisa uliokwisha shindiliwa, kabla ya mawe, na kwa kona ya udongo na ukuta ipigwe zaidi. Kiwango cha kawaida ni lita 5 za dawa iliyochanganywa kwa mita ya mraba, yaani lita 360 kwa nyumba hiyo. Fundi akija na bomba la mgongoni la lita 16 na kusema amemaliza chumba, amelowesha vumbi. Tumia dawa iliyosajiliwa kwa mchwa wa majengo, fuata kipimo cha lebo, usipige udongo ukiwa umelowa mvua, na usiuchimbe tena baada ya kupiga. Kama uani kuna kisima, mwambie mpigaji kabla hajachanganya.

Vichuguu vilivyopanda ukutani vivunjwe kwanza. Udongo wa ndani ya kuta hizo ni njia nyingine ya mchwa ambayo dawa ya chini ya jamvi haifiki.

---

NgamianiKwetu

Nawashukuru sana wakuu. Mawili ya mwisho: choo kiko uani ila tunataka kuweka bafu kwenye chumba cha nyuma kulia. Na tutakaa ndani kazi ikiendelea, vigae tuweke lini?

---

FundiMsingi

Bomba la majitaka la inchi 4 lilazwe kabla ya mawe, mteremko sentimita 1 kwa kila 40, likielekea uani ambako ni chini. Linapopita ukutani, litobolee tundu kubwa kuliko bomba, uzibe kwa povu, ukuta ukishuka kidogo usilivunje. Lijaze maji, uzibe mwisho, uache usiku mmoja. Maji yakiwa yameshuka asubuhi, usifukie. Sakafu ya bafu iwe sentimita 3 chini ya korido, amua hilo sasa wakati wa alama za mpira.

Kukaa ndani inawezekana kwa kuwa mnakwenda vyumba viwili viwili. Mwaga zege asubuhi mapema. Zege likianza kugoma kidole, lifunike magunia na uyaloweshe siku 7 mfululizo. Madirisha yafungwe siku ya kwanza, upepo wa baharini unakausha uso kabla ya ndani. Kutembea juu yake ni baada ya saa 24, kuingiza kabati na vitanda ni baada ya wiki.

Vigae baada ya siku 28. Kapeti la plastiki lingoje zaidi, miezi mitatu au zaidi. Kujua kama zege bado linatoa maji, bandika kipande cha nailoni cha mita moja kwa moja kwa selotepu pande zote nne, kifunue baada ya siku mbili. Ukiona matone chini yake au zege limegeuka rangi, subiri.

---

MaweNaChokaa

Na ukifika kwenye maungio ya kigae na ukuta, usipige siketi (ukingo wa chini ya ukuta) ya saruji. Weka ya kigae kwa gundi kidogo, uiache pengo la milimita 5 juu ya sakafu lililojazwa silikoni. Lipu ya ndani nayo ianze juu ya siketi, isiguse zege.